Thamani au Samani: Maneno Machache juu ya Unyoofu wa Spika

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuniona nikizungumzia vina na mizani, na mara mojamoja tarjuma. Leo naomba ruhusa yao nizungumzie masanduku. Nakusudia yale masanduku mawili ya mbao yanayowekwa pembeni mwa ukumbi, yakaunganishwa kwa waya na mashine ya muziki, yakatuimbia. Watu huyaita spika. Yamo katika nyumba nyingi za visiwa hivi, na aghalabu hununuliwa kwa ukubwa wake, kwa mngurumo wake na kwa taa zinazomemeteka mbele yake. Swali langu ni moja: je, kuna faida yoyote spika ya nyumbani kuwa nyoofu? Au unyoofu ni shughuli ya wahandisi na studio zao, na sisi wa majumbani kila mmoja na apende apendacho?

Nianze kwa kulieleza neno lenyewe, kwani wanaojadiliana bila ya kuelezana maneno hugombana na vivuli. Kila sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko ukiwa wa polepole, sauti huwa nene, kama ya besi la taarab. Ukiwa wa haraka, sauti huwa nyembamba, kama ya nyuzi za juu za kanuni. Wataalamu huihesabu mitikisiko kwa sekunde na kuipa kipimo cha hezi. Sikio zima la kijana husikia tokea kiasi cha hezi 20 mpaka hezi 20,000. Sasa ichukue spika, uipelekee sauti za ngazi zote hizo kwa nguvu ile ile, na mbele yake uweke maikrofoni ya kupimia. Ikiwa zote zinatoka kwa nguvu moja kama zilivyoingia, mchoro utakaopatikana ni mstari ulionyooka kama upeo wa bahari siku ya shwari. Hiyo ndiyo spika nyoofu. Ikiwa baadhi ya sauti zimepandishwa na nyengine zimeshushwa, mchoro huwa na milima na mabonde. Tafauti hizo hupimwa kwa desibeli, na spika njema ya leo haipotoki zaidi ya desibeli mbili au tatu, juu au chini, katika sehemu kubwa ya safari yake.

Mimi si mhandisi. Sikusoma chuoni, si ushairi, si tarjuma, wala elimu ya sauti. Nilichonacho nimekiokota katika vitabu vya kuazima na kamusi zilizochanika majalada. Lakini mtu aliyetarjumu kwa miaka thelathini hujifunza jambo moja: kati ya msemaji na msikilizaji hapakosekani mtu wa tatu, na huyo wa tatu ana ulimi wake. Spika ni mtarjumi. Hupokea umeme, lugha ambayo masikio yetu hayaifahamu, ikaugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Kama ina mazoea yake ya kunenepesha hili na kulipunguza lile, itafanya hivyo kwa kila mshairi, kila mwimbaji na kila msomaji atakayepita kinywani mwake.

Kilichonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito ni kanda moja ya kaseti. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa shamba aliniletea kanda ya marehemu bibi yake, akighani utenzi alioutunga mwenyewe kumuusia bintiye. Utenzi huo haukupata kuandikwa. Mwenyewe aliuhifadhi kwa moyo, na baada ya kufa kwake kanda ile ndiyo iliyobaki nakala pekee. Familia ilitaka niuandike ili uchapwe kijitabu. Nilikubali, na kazi ilikwenda vyema mpaka tulipofika kwenye neno moja.

Beti yenyewe, kwa maneno yangu ya nathari, inamwambia binti kwamba siku mume atakapoanza kuhesabu kitu fulani, yeye asijibizane naye, bali akae kimya ahesabu miaka. Ni kitu gani hicho kinachohesabiwa? Kijana alisikia "samani". Shangazi yake, ambaye ndiye binti mkubwa wa marehemu na ndiye aliyeusiwa, alisema neno ni "thamani", na kwamba wao nyumbani wameisikiliza kanda hiyo kwa miaka ishirini na hawajapata kusikia jengine. Mizani haikutusaidia, kwani maneno yote mawili yana mizani tatu. Kina hakikutusaidia, kwani yote mawili yanaishia kwa -ni. Sarufi nayo ilinyamaza: neno limesimama peke yake mwishoni mwa kipande, halikufuatwa na kivumishi wala kimilikishi cha kutuonyesha ngeli yake.

Na maana? Maana ndiyo iliyozidisha uzito. "Thamani" inaifanya beti kuwa hekima ya jumla, inayofaa kuandikwa kwenye kanga: mume akianza kupima thamani ya mke, mke na aupime umri walioishi pamoja. "Samani" inaifanya kuwa ushahidi: iko siku, katika nyumba fulani, mwanamume alisimama akahesabu kitanda, kabati na viti huku mkewe akimtazama. Mwanamume huyo alikuwa baba yake shangazi na babu yake kijana. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini familia ililipenda neno la kwanza. Na mimi pia, kwa ushairi wangu, nililipenda hilo hilo, kwa kuwa nililiona lina upana zaidi.

Herufi hizi mbili ni majirani. Sauti ya "s" ni upepo mkali unaopenya baina ya ulimi na ufizi, na nguvu yake kubwa iko juu, tokea kiasi cha hezi 4,000 na kupanda. Sauti ya "th" ni upepo dhaifu uliotawanyika, hauna kilele cha kujulikana. Irabu, ambazo ndizo zinazobeba lahani na zinazotujulisha nani anasema, nguvu zake nyingi ziko chini zaidi, katika hezi za mamia hadi elfu mbili na ushei. Ndiyo maana simu ya zamani, iliyopitisha tokea hezi 300 hadi 3,400 tu, ilitutosha kumtambua mtu na kufahamiana naye, lakini akitaja jina geni hatukujua kama ni S au F, ikabidi aseme "S ya Salama" au "F ya Fatma". Basi spika inayozishusha sauti nyembamba huipunguzia "s" ukali wake ikaisogeza kwenye "th". Na spika inayozipandisha huipa "th" ukali usio wake, ikaisogeza kwenye "s". Mizani mbovu hudanganya kwa pande zote mbili, ya kupunja na ya kuzidisha.

Hapa nilimkumbuka mtafiti ambaye maandishi yake niliyasoma kwa taabu na kamusi mkononi. Jina lake ni Floyd Toole. Alifanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, na katika miaka ya 1985 na 1986 alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya spika na wasikilizaji. Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: aliwakalisha watu mbele ya pazia linalopitisha sauti, nyuma yake spika mbalimbali, akazisawazisha ukubwa wa sauti, kisha akawataka watoe alama bila ya kujua wanasikiliza ipi. Waliosikiliza kwa namna hiyo, kwa wingi wao, walizipenda spika ambazo mchoro wake umenyooka na kulainika, na ambazo sauti inayotoka ubavuni mwake inafanana na inayotoka usoni.

Mwaka 1991 Toole alihamia katika kampuni ya Harman huko Marekani, na baadaye akajiunga naye Sean Olive. Mwaka 1994 wawili hao walitoa matokeo ya jaribio jengine. Watu 40 walizisikiliza spika nne mara mbili, mara moja bila ya kuziona na mara moja huku wakiziona. Spika ni zile zile na masikio ni yale yale, lakini alama zilibadilika. Macho yaliingilia kazi ya masikio: ukubwa wa sanduku, sura yake na jina lake vikapata alama. Mwaka 2003 Olive alichapisha jaribio la wasikilizaji 268, wakiwemo waliofunzwa na wasiofunzwa, na mapendeleo ya makundi hayo yalifuatana. Waliofunzwa walizidi kwa uthabiti wa hukumu zao tu. Na mwaka 2004, kwa kutumia vipimo vya spika 70, alionyesha kwamba mtu anaweza kuangalia michoro ya spika na kukisia vizuri sana namna wasikilizaji watakavyoipa alama. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba ladha ya sauti haina hesabu wana kazi ya kujibu.

Nikasema nasi tutundike pazia. Tulitundika kanga mbili ukumbini kwangu. Nyuma yake tuliweka mashine tatu: spika kubwa za kijana, zenye besi la kutikisa madirisha na sauti ya juu inayometa, redio kaseti ya familia, iliyokuwa ikiicheza kanda ile miaka yote hiyo, na jozi yangu ndogo ya mtumba, ambayo vipimo vyake vilivyochapishwa vinaonyesha mstari uliokaribia kunyooka. Kanda ilinakiliwa mara moja tu kwenye kompyuta, na nakala hiyo moja ndiyo iliyopelekwa kwa zote tatu, ili mashine zisilaumiane. Ukubwa wa sauti tuliusawazisha kadiri tulivyoweza. Mjukuu wangu alikaa nyuma ya kanga akibadilisha kwa mpango alioujua mwenyewe. Sisi watatu tulikaa mbele na karatasi zetu, kila mmoja akiandika alichosikia bila ya kumwonyesha mwenzake.

Sikulichagua lile neno la mzozo peke yake, kwani neno moja halina wa kulishuhudia. Nilitafuta katika utenzi ule ule maneno ambayo maana yake haina ikhtilafu: thawabu, thabiti na hadithi kwa upande mmoja, salamu, subira na safari kwa upande wa pili. Bibi alikuwa mtu wa chuoni, na ulimi wake uliyatafautisha. Tulitaka kujua kila mashine inayafanyia nini maneno hayo kabla ya kuiuliza juu ya neno letu.

Karatasi zilipokusanywa, mambo yalijieleza. Kwenye spika kubwa za kijana, hata "thawabu" iliandikwa "sawabu", na "samani" ilikuwa samani bila ya shaka yoyote. Kwenye redio kaseti, "salamu" yenyewe ilitutia wasiwasi, na neno la mzozo wote watatu tuliliandika "thamani". Kwenye jozi ndogo, makundi mawili yalijitenga kama mchele na pumba: thawabu ikabaki thawabu, salamu ikabaki salamu. Na neno letu lilikwenda kukaa pamoja na salamu, subira na safari. Bibi alisema "samani".

Nataka msomaji alitazame jambo hili vizuri, kwani ndilo kiini cha makala haya. Spika za kijana zilikuwa na jawabu sahihi tangu siku ya kwanza. Lakini ushahidi wao haukuwa na uzito, kwa sababu zilisema "s" kwa kila kitu. Shahidi anayemtia hatiani kila mshitakiwa, siku moja atamtia hatiani mwizi wa kweli, na hakimu bado hatakuwa na sababu ya kumwamini. Redio ya familia, ambayo sauti yake ilikuwa tamu na ya upole, iliwafariji watu kwa miaka ishirini kwa neno ambalo halikusemwa. Jozi ndogo haikutupa sauti tamu zaidi; ilitupa sauti ambayo tafauti iliyomo ndani yake ni tafauti iliyomo kwenye kanda.

Shangazi alizitazama zile karatasi kwa kitambo. Kisha akasema, "Kitanda cha samadari mama alikuja nacho mwenyewe kutoka kwao. Andika alivyosema, Maalim." Nikaandika samani.

Hilo ndilo jawabu langu juu ya faida ya unyoofu, lakini si haki kulitoa bila ya kuzisikiliza hoja za upande wa pili, na zipo hoja nzuri.

Hoja ya kwanza ni ya ladha. Mtu anayetaka besi limgonge kifuani ana haki yake, na harusi ya usiku bila ya besi si harusi. Sina ugomvi naye. Namkumbusha tu kwamba mashine nyingi zina vitufe vya kuongeza na kupunguza besi na sauti nyembamba. Aliye na spika nyoofu anaweza kuongeza anachotaka leo na kukiondoa kesho. Aliye na spika iliyopindika tangu kiwandani, khasa ile ambayo sanduku lake lenyewe linavuma, hawezi kwa kitufe kuukata uvumi huo na kuubakisha muziki. Debe tupu haliachi kuvuma, na humvumia kila anayepita, mwenye sauti ya simba na mwenye sauti ya chiriku.

Hoja ya pili inatoka kwa waliosoma. Husema: sikio lenyewe halikunyooka, basi spika inyooke ya nini? Ni kweli. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio linazisikia sauti za kati vizuri zaidi kuliko zile nene sana na nyembamba sana, khasa zinapopigwa kwa upole. Na mimi katika umri huu nimekwisha kupoteza sauti za juu kabisa. Mjukuu wangu husikia mlio wa popo mdogo ambao kwangu ni kimya. Lakini sikio hili hili lililopindika ndilo ninaloendea nalo kumsikiliza mpiga udi akiwa mbele yangu. Upindaji wa sikio langu umo katika udi halisi na umo katika udi wa spika. Nikiongeza na upindaji wa spika, nimepindisha mara mbili. Msomaji mwenye macho mabovu hahitaji kitabu kilichochapwa kombo.

Hoja ya tatu ni ya chumba, na hii ndiyo yenye nguvu zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe na chokaa, na dari zake zinashikwa na boriti za mikoko. Boriti haizidi sana mita tatu, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Katika hewa yenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri kiasi cha mita 349 kwa sekunde. Basi katika chumba chenye upana wa mita tatu, wimbi lenye urefu wa mita sita, ambalo ni la hezi 58 hivi, hugonga ukuta huu na ukuta ule na kurudi juu ya nafsi yake mpaka likavimba. Noti moja ya besi hunguruma kama mawimbi ndani ya pango, na jirani yake hunywea. Hapo unyoofu wa spika hauna la kufanya. Katika sauti za chini ya hezi 200 au 300, mwenye amri ni chumba, si spika. Dawa yake ni kuisogeza spika, au kukisogeza kiti: anayekaa katikati ya upana wa chumba hupungukiwa na mngurumo huo, na aliyeegemeza kichwa ukutani huupata wote.

Lakini juu ya ngazi hiyo amri hurudi kwa spika, na huko juu ndiko yaliko maneno. Herufi zote tulizozigombania zilikuwa huko. Tena lazima ifahamike kwamba unyoofu ninaousema ni wa sauti inayotoka kwenye spika yenyewe, siyo ule unaopimwa kwenye kiti. Spika nyoofu ikiwekwa chumbani, mchoro unaopimwa pale alipokaa msikilizaji huteremka taratibu kutoka kwenye besi kwenda juu, kwa sababu besi huenea pande zote na sauti nyembamba huelekea mbele. Huo ni mteremko wa haki. Anayelazimisha mstari unyooke pale kwenye kiti hupata sauti kali inayochoma, kisha akaulaumu unyoofu.

Hoja ya nne ni ya mazoea. Ipo spika moja mashuhuri ya Yamaha, NS-10, iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya majumbani. Haikunyooka, kwani sauti zake za kati zimepanda. Lakini studio za dunia nzima ziliichukua, na nyimbo zisizo na idadi zilitengenezwa mbele yake. Hoja inasema: mwenye kuijua ila ya spika yake hujirekebisha. Ni sawa, kwa fundi anayeisikiliza kila siku na mwenye spika nyengine ya kulinganishia. Lakini ile familia iliijua redio yake kwa miaka ishirini, na mazoea hayakuwaonyesha ila yake, yaliwafichia.

Iko na hoja ya tano, ambayo hunihuzunisha. Spika nyoofu haina huruma. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 wakarekodi santuri, miaka mitatu baada ya viwanda kuanza kurekodi kwa umeme. Maikrofoni za wakati huo zilichukua mengi kuliko tarumbeta ya kurekodia iliyotangulia, lakini hazikuchukua yote, na sindano nayo imekwangua miaka mingi. Kwenye redio isiyo na sauti nyembamba, mkwaruzo huo hufichika na Siti huonekana kuwa karibu. Kwenye spika nyoofu, mkwaruzo hutangulia mbele. Hakuna spika inayoweza kukirudisha kile ambacho Bombay haikukichukua. Lakini angalau spika nyoofu hunieleza kwamba kilichopotea kilipotea kwenye santuri, haukukipoteza ukumbi wangu. Nikitaka kuupunguza mkwaruzo, nitaupunguza kwa kitufe, nikijua ninachokifanya.

Toole ana jina la tatizo hili; huliita mzunguko wa mkanganyiko. Fundi wa studio anatengeneza wimbo kwa kusikiliza spika zake. Zikiwa zinapunguza besi, ataliongeza. Kisha wimbo unakuja kwangu ukiwa na besi la ziada, nami nalaumu spika zangu au nalaumu mwanamuziki. Watengenezaji wa spika nao wanazijaribu kwa nyimbo hizo hizo. Kila mmoja anamrekebisha mwenzake kwa kipimo kilichopinda, na hakuna anayejua kosa liko wapi. Njia ya kuukata mzunguko huo ni kuwa na kituo kimoja ambacho wote wanakikubali, na unyoofu ndio kituo kinachoweza kupimwa.

Sisi watarjumi tunaujua mzunguko huo kwa jina jengine. Mwaka 1859 Mwingereza Edward FitzGerald alichapisha tarjuma yake ya rubai za Omar Khayyam. Ni kazi nzuri iliyopendwa mno, na ni spika iliyopindika: alichanganya rubai, akaongeza, akapunguza, akaipa sauti ya besi ambayo Waingereza waliipenda. Shaaban Robert alipotuletea Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, alipitia Kiingereza hicho. Kwa hiyo Khayyam tuliyemsoma ujanani amepita katika spika mbili kabla ya kutufikia. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini siku nilipotaka kujua Mwajemi mwenyewe alisema nini juu ya mvinyo na kifo, sikuweza kujua lipi ni lake na lipi la FitzGerald, wala wapi Shaaban ametia mkono wake. Uzuri ulikuwepo, anwani ndiyo iliyopotea.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mjumbe alipewa kinga hiyo kwa sharti moja, kwamba afikishe alichotumwa. Akikiongezea chumvi ili apate kupendwa, amejiingiza mwenyewe katika ugomvi. Nadhani spika, na mtarjumi, na mtu anayeandika utenzi wa marehemu kutoka kwenye kanda, wote wako chini ya sharti hilo.

Sasa mwenye kutaka kununua spika anaweza kuniuliza: nitaujuaje unyoofu ikiwa sina maabara? Vipimo vya spika nyingi siku hizi huchapishwa na watu wasioziuza, na asiyejua kusoma hesabu anaweza kuuona mstari kama umenyooka. Lakini kipo kipimo cha zamani zaidi ambacho hakihitaji mchoro. Mafundi wa BBC, katika zama walizokuwa wakiunda spika zao wenyewe, walikuwa wakizijaribu kwa sauti ya mtu akisema, kwani kila mmoja wetu amesikia watu wakisema tokea siku aliyozaliwa. Basi usiende dukani na wimbo wenye ngoma nyingi. Nenda na sauti ya mtu wa nyumbani kwako, iliyorekodiwa vizuri, akisoma ukurasa mmoja kwa utulivu. Muuzaji atakuonyesha sanduku kubwa kwanza. Fumba macho usikilize kama kifua cha msomaji kimevimba kuliko alivyo, kama pua yake imeziba, kama "s" zake zinapiga miluzi. Kisha sikiliza kama thawabu bado ni thawabu na sawabu bado ni sawabu. Ikiwa maneno hayo mawili yametoka salama, yako matumaini kwamba na muziki utatoka salama. Na ikiwa yamechanganyika, usidanganywe na ukubwa wa sanduku wala taa zake. Mrudishie mwenyewe, utoke.